Mgomba wa Nangila

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Kitale
Tarehe: 12 Juni 2025, saa nne asubuhi
Kuhusu: Nangila Wamalwa, aliyepotea nchini Sudan
Jina la shahidi: Mukami Gathogo
Umri: Miaka 27
Kazi: Fundi cherehani
Makao: Tuwan, Kitale

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Sajini Kimutai. Mama yake Nangila, ambaye namwita Mayi kama Nangila anavyomwita, ameketi kwenye benchi humu ndani. Yeye ndiye aliyenileta.

Jumamosi hii nyumbani kwao Naitiri wanataka kuzika mgomba. Kwao, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, shina la mgomba huvishwa nguo zake na kuzikwa, ili aache kutangatanga. Chifu amesema hatatoa kibali hadi mtu wa mwisho kuzungumza na Nangila awaeleze polisi anachojua. Mtu huyo ni mimi.

Nilikutana na Nangila mwaka 2016, tukijifunza ushonaji katika politekniki hapa Kitale. Tulipewa cherehani moja. Tukiombana rula, yeye alikuwa akisema "lete lula" na mimi nikisema "rete rura". Mwalimu alisema tukipikwa kwenye sufuria moja huenda akapatikana Mswahili mmoja. Baada ya masomo tulipanga chumba Tuwan. Sajini ameniuliza, "Wewe ni nani wake, dada?" Nimejibu, rafiki. Ameuliza, "Rafiki tu?" Nimemwomba aandike rafiki, na hiyo "tu" aiache.

Mnamo Septemba 2022 tulienda Khartoum kushona magauni ya harusi katika duka la mama mmoja aitwaye Ihsan. Duka lilikuwa Khartoum na nyumba yake ilikuwa Omdurman, ng'ambo ya mto. Pasipoti zetu alizihifadhi nyumbani kwake.

Mnamo tarehe 15 Aprili 2023, siku ya Jumamosi asubuhi, nilikuwa nikipiga pasi niliposikia mlio niliodhani ni lori linamwaga mabati. Nangila alisema, "Hao si watu wa mabati." Tulifunga duka tukabaki ndani. Stima ilipotea siku hiyo hiyo. Tulitundika magauni kwenye madirisha ili vioo vikivunjika visitufikie. Jua likipita kwenye vile vitambaa, chumba kizima kilikuwa cheupe, kama tumo ndani ya yai. Risasi zikinyamaza tulisikia njiwa, na punda wa muuza maji aliyekuwa akipita barabarani peke yake, bila mwenyewe, akisimama kwenye kila mlango aliouzoea.

Tulilala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nangila alinisimulia soko la Kamukuywa kibanda kwa kibanda, nani anauza nini na nani hatoi mkopo, mpaka nikawa nasikia harufu ya omena. Nilipolala niliota niko huko nikimtafuta. Nilimkuta, lakini hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Asubuhi nilimweleza. Alisema, "Na si ungeninunulia hata mahindi ya kuchoma, bana."

Sikumbuki ni tarehe gani hasa alipoamua kwenda Omdurman. Siku zilikuwa zimeshikana. Ilikuwa asubuhi, na watu walisema mapigano yametulia. Alisema bila pasipoti hatutavuka mpaka wowote. Nilimwambia twende sote. Alisema, "Wewe ukisimamishwa utajibu kwa Kikuyu utushikishe." Alijifunga kitambaa cha mteja kama wanawake wa huko, nami nikamwekea pini begani. Nilichelewa kuiachilia.

Alinipigia simu kusema amefika salama. Alasiri hiyo daraja lilifungwa. Baada ya siku mbili jirani yake Ihsan, mwanamke mzee ambaye ndugu zake walimvusha mto peke yake kwa mashua, aliniletea pasipoti. Ilikuwa moja, yangu. Jioni Nangila alinipigia simu akasema kuna basi linabeba Wakenya kesho yake. Nilimwambia sipandi. Alisema, "Mukami, mimi sijakutumia pasipoti ukae ukiiangalia. Panda. Mimi nitapita njia ingine, tupatane Kitale."

Nilipanda.

Nilifika Kitale mapema mwezi wa Mei. Mnamo tarehe 9 Juni 2023, saa kumi jioni, alinipigia kwa namba nisiyoijua. Laini ilikuwa ikikatika. Nilimwuliza kama amekula. Aliuliza, "Huko mvua imenyesha?" Nilisema inanyesha sasa hivi. Alisema, "Ninyamazie, nisikie." Nilitoa mkono dirishani nikaishika simu chini ya ukingo wa mabati. Nilipoirudisha sikioni laini ilikuwa imekatika. Sijui alisikia kiasi gani.

Namba hiyo haijapatikana tena. Mwezi uliopita Wepukhulu, jirani yao wa Naitiri aliyerudi kutoka Sudan, alisema nyumba ya Ihsan ilipigwa bomu na Nangila alikuwa ndani. Nilimfuata Kamukuywa nikamwuliza aliona nini. Alisema hakuona, aliambiwa na mtu kwenye foleni ya mkate. Nikamwuliza ni mtu gani. Alisema, "Dada, foleni ya vita hainanga majina."

Jana Mayi alikuja kwangu akitaka gauni la maua la Nangila, la kuuvisha mgomba. Nilimwambia lipo. Sikumpa. Alisema, "Mwanangu, nimechoka kuamka kufungua mlango kila mbwa akibweka. Nipe nizike kitu, nilale." Mimi pia huamka, ila mimi sitaki kuacha.

Sasa nasema hivi. Sikuona mwili wa Nangila, na sijakutana na mtu aliyeuona. Siwezi kusema amekufa, na sitaki serikali iandike amekufa kwa sababu ya maneno yangu. Mayi akizika mgomba Jumamosi, nitaenda. Gauni nitalivisha mimi, kwa kuwa ndimi niliyelishona na najua vifungo vyake vinavyosumbua, na nitabeba upande wa kichwani. Kisha nitarudi Tuwan kwenye chumba kile kile, kwa sababu hiyo ndiyo anwani anayoijua.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa na nimeyakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: M. Gathogo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Kimutai, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili kabla hajaweka sahihi mbele yangu. Mama mzazi wa aliyepotea aliyasikiliza yote akiwa kwenye benchi. Nilimwuliza kama anataka nakala ya kumpelekea chifu leo. Alisema nikae nayo kwanza.