Maziwa Ndani ya Kipima Mvua

Basotu, 9 Novemba 1957

Mjomba Sebastiani,

Shikamoo. Mimi na mama ni wazima, ila jua linatumaliza. Wewe na Nairobi yako mnaendeleaje?

Asubuhi nilikwenda kusoma kile kipima mvua ulichoniachia pale shuleni. Nikakuta maziwa! Mzee Gidahosh alikuwa amesimama hapo na kibuyu. Akasema, “Chombo cha kuita mvua, nyie mnakiacha na njaa?” Nikainama tu. Mwalimu Nicodemo anasema nisipomkataza mzee, atampa kazi hii mtu mwenye mdomo. Niandike nini, Mjomba? Mvua haikunyesha.

Mpwa wako,
Helena

Nairobi, 25 Novemba 1957

Mpwa wangu Helena,

Marahaba. Mimi mzima, nimecheka mpaka wenzangu hapa ofisi ya hali ya hewa wakanishangaa. Msalimie dada yangu.

Andika ukweli: maziwa, mvua hakuna. Siku hizi kuna Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Nchi nyingi zinapima kwa namna moja, ndiyo maana zinaaminiana. Namba yako ya Basotu inakaa na za watu ambao hatutawaona kamwe. Kesho na keshokutwa, pa kulima na pa kulisha pataamuliwa kwa namba hizo. Mimi siwezi kuja kumwambia mzee. Uko wewe.

Mjomba wako,
Sebastiani

Nairobi, 30 Desemba 1957

Helena, hujambo?

Mbona kimya? Umeacha kazi?

Mjomba

Basotu, 12 Januari 1958

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Sisi wazima na tumelowa. Barua zilikwama, barabara ilikatwa na mvua!

Nilimngoja mzee penye ua wa kipima. “Shikamoo babu. Chombo hiki hakiiti mvua, kinaieleza tu. Ukitia maziwa, kitawaambia walimwengu kwamba Basotu kumenyesha. Tukilia ukame, nani atatuamini?”

Akanitazama sana. “Kumbe unasema! Mimi nilijua Mungu alikunyima ulimi.” Kisha akauliza maziwa yake ayapeleke wapi. Nikamwonyesha majani nje ya ua. Akayamwaga huko, akaomba.

Mvua ilipokuja nilimkuta pale na fimbo, anafukuza ndama. “Soma kwa sauti.” Nikasoma: inchi moja na nusu. Akawapigia kelele wachungaji ng’ambo ya ziwa, “Inchi moja na nusu! Walimwengu wanajua!”

Mwalimu alipouliza tena habari ya kumpa mwingine kazi hii, mzee alimjibu kabla yangu: “Chombo kina mwenyewe.”

Mpwa wako,
Helena, mpima mvua wa Basotu