Kilichomo Kwenye Droo ya Vifungo

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaharibu nguo za watu, maana leo nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia mara mbili, na gauni lenyewe ni la bibi harusi.

Mimi ni fundi cherehani, Mprotestanti tangu utoto, na mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mwema, ila hata akiomba chumvi utadhani anakemea pepo. Tangu mama yangu mzazi afariki miezi minne iliyopita, kila mtu kanisani ananiambia nisimame, niimbe, nishuhudie ushindi, nami nasimama, naimba, lakini ndani hamna kitu. Basi mzee mmoja anayetunza mavazi ya padri akaniletea kasula, lile vazi la juu la kuadhimishia Misa, bitana imechanika, na alipokuja kuichukua akasema, "Mama fundi, njoo Jumapili uione ikivaliwa, utajua kama mabega yamekaa." Nikamwambia mume wangu nakwenda kwa mteja, jambo ambalo si uongo, lakini mimi na wewe tunajua ni uongo.

Mshauri, ilikuwa ile Misa ya zamani, kwa Kilatini, padri ametupa mgongo, kwa hiyo kasula niliiona vizuri, mshono umelala, ila baada ya dakika kumi nikausahau mshono wenyewe. Sikuelewa neno, watu wakipiga magoti mimi nimesimama, wakisimama mimi ndio kwanza napiga magoti, ubani unanikereketa koo, na nilikasirika, nikasema moyoni hawa wanamficha Mungu. Halafu pakawa kimya. Kanisa zima kimya, na hakuna aliyeniambia niseme chochote, na ndipo nikamlilia mama yangu kwa mara ya kwanza.

Sasa kosa lenyewe. Benchi letu lilipoinuka kwenda kukomunika, nami nikainuka, kwa sababu kwetu ukibaki umekaa siku ya Meza ya Bwana, kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima umeshakutafutia dhambi. Nikapiga magoti mbele na wenzangu, wakaniwekea kisahani chini ya kidevu, padri akaniwekea hostia, ule mkate wao mwembamba wa Komunyo, ulimini. Niliporudi ndipo nikaona wengi hawakuinuka kabisa na hakuna anayewatazama, na mama aliyekaa karibu yangu amefunika uso kwa mikono analia, nikajua kwa watu hawa huu si mkate tu, nami nimechukua kisicho changu. Nikaogopa kumeza, nikaitoa kwenye leso.

Leo ni siku ya tano, leso imo kwenye droo ya vifungo, nimeifunga kwa ufunguo, kuitupa siwezi, kuila siwezi. Jana mume wangu alitaka kifungo cha shati, nikamwambia ufunguo umepotea. Kwa imani yangu ni mkate, basi mbona nimeufungia kwa ufunguo? Na usinigombeze kwa hili la mwisho: nataka kurudi.

Ni mimi, Fundi Asiyetulia

*

Mama fundi,

Pole kwa msiba. Naanza hapo kwa sababu naona wenzako walirukia kukupongeza kwa ushindi kabla hata hujalia.

Sasa nikugombeze, umetaka usitake. Ulikwenda kukagua mabega, ukarudi na Ekaristi ya wenyewe, ukaichanganya na vifungo! Kuuliza si ujinga; ungemnong'oneza jirani yako mara moja tu, tusingekuwa hapa. Unataka nikuambie kama ni mkate tu. Hilo wamebishana wasomi karne kwa karne, mimi siliwezi. Ila waliokukaribisha wanaamini ni Bwana wao, na cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe.

Usiitupe, usiioshe, usiimeze kwa siri. Leo hii funga leso kama ilivyo ndani ya kitambaa safi, mwendee yule mzee aliyekuletea kasula, akufikishe kwa padri. Sema: "Nilipokea bila kujua, nikaogopa, naomba radhi." Basi. Usipambe hadithi. Wao wanajua la kufanya, na leso usiidai.

Kurudi? Rudi, mama. Lakini wengine wakienda kukomunika, wewe kaa. Umeona mwenyewe kwamba kule kukaa si aibu.

Amebaki mumeo. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha mpaka ufunguo! Mwambie leo, kabla hajavunja droo. Mwambie ulikokwenda, ulichokosea, na lile lililo zito kuliko yote, kwamba ulilazimika kwenda kwa wageni ili umlilie mama yako. Atataka kuanza kuomba, kwa sauti ile ile. Mshike mkono. Mwambie, "Mume wangu, leo tunyamaze." Mkae hivyo mpaka machozi yaishe, kisha fungua droo, umshonee kifungo chake.