Aliyevunja Taa Akafumua Pazia kwa Adabu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani, maana walionizidi umri karibu wote nimeshawabeba mwenyewe, wamelala nyuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamikia mwendo wangu. Mimi ni dereva na mwenye gari la maiti, si hivi vibasi vya siku hizi vilivyoandikwa namba za simu ubavuni, ni gari hasa, refu, jeusi, la zamani, lina vioo vya pembeni vilivyopinda na reli za kung'aa na mapazia meupe, na hapa mtaani wananiita Dereva wa Mwisho na mimi naitika. Shule nilisoma kidogo nikaona inatosha, kwa hiyo ukikuta nukta imepotea usihangaike kuitafuta, nisaidie tu.

Shida yenyewe ni hii. Wiki iliyopita nilikwenda kulitafutia gari betri, nikaliacha linapokaa siku zote, ubavuni mwa nyumba yangu, nikarudi jioni nikakuta limeharibiwa. Taa zote za mbele zimepigwa, kioo cha pembeni kina ufa, rangi imechorwa kwa kitu chenye ncha kuanzia mlango wangu hadi nyuma kabisa, na mapazia yametolewa yote yakawekwa juu ya kiti changu. Mke wangu, ambaye husikia kuku wa jirani akikohoa, akasema hakusikia kitu. Damu ikanichemka, sikuuliza mtu mwingine, nikavuka njia moja kwa moja hadi kwa kinyozi, maana banda lake linatazamana na gari langu na kila siku analalamika kwamba wateja wakikaa kitini wanaliona kwenye kioo, wanainuka na nusu ya nywele. Siku ile alisema alikuwa hajafungua tangu asubuhi, ndiyo kwanza amefungua, na mimi nikaona huo ndio ushahidi wenyewe. Nikamwambia mbele za watu, mmoja bado ana povu shavuni, kwamba yeye ni mwoga, ananichekea usoni, nikimpa kisogo anavunja. Akanijibu taratibu, "Mzee, siku nikikuchukia nitakwambia mwenyewe. Gari lako halijanikosea." Nikamrudishia maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa. Tangu hapo watu wameanza kunyoa kwingine, wanasema mtu anayethubutu kuvunja gari la maiti usimpe shingo yako na wembe juu yake, na maneno hayo, mshauri, mbegu yake niliipanda mimi.

Basi nikamwita fundi bodi, rafiki yangu wa kutukanana tangu ujanani, akaja na nyundo zake na pati ya kuzibia mikwaruzo na msasa. Akalizunguka gari, akalipapasa kama daktari, akasema kazi ni ndogo, mchoro haukufika kwenye bati, taa atazisaka kwa wauza vyuma chakavu, ila akaniuliza nina adui gani mwenye mkono mwepesi hivi. Nikamwambia vinyozi wote wana mikono mepesi, tukacheka. Akaanza kupiga msasa, na mimi nikayachukua mapazia nikampelekea mke wangu ayarudishie, kwa kuwa ndiye aliyeyashona miaka yote hiyo iliyopita, kwa mkono wake, uzi maradufu, mshono mdogo mdogo kama meno ya mtoto. Akaniambia hashoni. Mshauri, mwanamke huyu hajawahi kukataa kitambaa tangu nimwoe, ameshanishonea hadi turubai. Nikamuuliza anaumwa, akasema haumwi, akaendelea kuchambua mchele wake.

Nikarudi nayo nje, nikayatazama kwenye mwanga. Hayakuchanwa. Yamefumuliwa. Uzi umekatwa mmoja mmoja, kitambaa hakina hata mkwaruzo, na kila pazia limekunjwa mara nne na kulazwa kwa kiganja, vile mke wangu anavyokunja kila kitu, hata tambara la kufutia miguu. Sasa mtu mwenye hasira ya kupasua kioo hakai kitako kufumua mshono, labda awe ndiye aliyeushona akauonea huruma. Nikakaa kulekule nyuma wanakolala wateja wangu.

Sijamwambia neno. Fundi nadhani naye amejua, maana ameacha kunitukana. Na kinachonishinda ni kwamba nyumbani kwetu hakuna ugomvi, huyu mama ni mcheshi kuliko mimi. Hata juzi juzi tu, kabla ya haya, nilikuwa nalipaka gari nta, fundi yupo na majirani wawili watatu, mama akarudi kutoka hospitali alikokwenda kuonyesha uvimbe fulani wa kwapani, akasema wamemwambia arudi na mtu. Nikamwambia, "Usiwaze, mama, usafiri upo, na wewe hulipi." Watu walicheka hadi fundi akakaa chini, na yeye mwenyewe akacheka, akaingia ndani. Sasa mtu anayecheka hivyo ana kinyongo gani?

Nishauri. Nikimsafisha kinyozi nitamchafua mke wangu, nikimsitiri mke wangu kinyozi atafunga banda. Na gari je, niendelee kulitengeneza, au nimuulize kwanza amelipigia nini, na nikimuuliza nianzie wapi, maana katika ndoa yetu yote sijawahi kumuuliza jambo bila kulitia mzaha.

Dereva wa Mwisho

*

Shikamoo, mzee wangu. Nimeshakuamkia, kwa hiyo yatakayofuata usiseme sina adabu.

Taa umezieleza nikaziona. Kioo umekieleza. Hadi povu la mteja wa kinyozi nimeliona. Uvimbe wa mkeo umeupita kama dereva mwenye haraka anavyopita tuta. Uko kwapa gani? Unauma? Daktari alisema arudi lini? Hujui, kwa sababu hukuuliza, na hukuuliza kwa sababu palikuwa na watu wa kuchekesha. Mwenzako ametoka hospitali ameshika hofu yake mikononi, anatafuta pa kuitua, wewe ukamwonyesha nafasi nyuma ya gari. Ndiyo, alicheka. Mbele ya majirani ulitaka afanye nini?

Nakuonea huruma pia. Kazi yako hiyo, asiyejua kucheka angeshaikimbia zamani. Mzaha ni mwavuli wako, na sikulaumu kuwa nao. Lakini ni mwavuli wa mtu mmoja, mzee wangu, na anayesimama karibu nawe ndiye anayemwagikiwa na maji yake yote.

Mimi sikuwepo, na simhukumu mtu kwa mshono. Wewe uliyeishi naye unajua. Kuvunja si vizuri, na siku atakayotaka kukwambia atakwambia. Usimfungulie kesi.

Kinyozi asingoje kesho. Nenda leo wakati ana wateja, usimvizie akiwa peke yake. Ulimchafua hadharani, msafishe hadharani. Sema ulikosea, si yeye, na una hakika. Wakikuuliza basi ni nani, nyamaza. Jina la mtu linaweza kufutwa bila jingine kuandikwa mahali pake. Kisha kaa kitini akunyoe, ndevu na kichwa, watu wapite wauone wembe wake shingoni mwako. Na umlipe.

Gari lifunike. Mwambie fundi aweke msasa chini. Wenye misiba waelekeze kwenye hivyo vibasi unavyovidharau, hakuna marehemu atakayegoma kupanda. Mapazia usimpelekee tena. Kama gari litatengenezwa au litauzwa, mtazungumza wawili, na atakayeanza mazungumzo hayo ni yeye.

Kwa mkeo usianze na gari. Kaa naye anapochambua mchele, uchambue na wewe, halafu muulize, "Hospitali walisema lini?" Ukishauliza, funga mdomo. Ulimi utakuwasha, nimeshakujua; ung'ate. Akilia usimtanie anyamaze. Akisema haendi, usibishane, mwambie utakuwa mlangoni asubuhi umeshavaa viatu, na uwepo kweli.

Mwende kwa basi. Huyo mtu waliyemwambia arudi naye si jirani wala si binti yenu, ni wewe. Benchi la kusubiri ni refu, na utakuta watu wanaokufahamu watakaotaka uwachekeshe. Waamkie, basi. Mshikie mfuko wake. Likiitwa jina lake, simama na wewe.