Nilikariri Viti

Jumatatu, 9 Juni

Nimepita tena njia ya nyuma, kando ya mtaro, nisikutane na Mama Jeni kibarazani kwake. Viatu vimejaa tope. Afadhali tope. Mama Jeni ni jirani mwema, hana kosa. Ila salamu zake zina ngazi: umeamkaje, kazini je, mdogo wako je, na wewe unaoa lini. Nikifika ngazi ya tatu nimeishiwa pumzi.

Kazini salama. Siku nzima nyuma ya kioo, napandisha na kushusha sauti za watu wengine. Fundi mitambo wa redio. Watangazaji wanaongea, mimi nasogeza vitufe. Sijui kazi nzuri kuliko hii hapa Mwanza.

Jioni kikao cha sendoff ya kumuaga mdogo wangu Vene anayeolewa, nyumbani kwa Baba mdogo Sospeter, Butimba. Nilikaa karibu na mlango. Walipofika kwenye utambulisho wa ukoo, Baba mdogo alikuwa ameshakohoa kujiandaa. Vene akamkata: "Atatambulisha kaka Deo." Watu wote wakanigeukia. Mwenyekiti akasema, "Mtu wa redio huyu, maiki itamshindaje?" Wakacheka. Nilifungua mdomo nikatae, na mimi nikacheka. Wakaandika jina langu.

Sendoff ni Jumamosi hii.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Vene simu. Mimi, kupiga simu! Nikamwomba amwachie Baba mdogo. Hakukasirika, na hiyo ndiyo shida. Aliuliza tu, "Baba mdogo alikuja Nansio mara ngapi? Anitambulishe yeye kama nani?"

Baba na mama walipofariki, aliyetuchukua ni Shangazi Leokadia, kwake Nansio, kisiwani. Mimi darasa la tano, Vene hajaanza shule. Alianika dagaa, akauza dagaa, na sisi tukanuka dagaa mpaka sekondari. Ndugu wengine walikuja msibani, wakala, wakaondoka.

Basi ni mimi. Naona aibu kwamba natamani niugue.

Jumatano, 11 Juni

Wamemmwagia Zawadi maji. Mtangazaji wetu wa mchana, leo siku yake ya kuzaliwa. Keki, nyimbo, na kila mtu aseme neno. Nilikimbilia chumba cha mitambo kukagua waya usio na tatizo lolote. Niliukagua mpaka keki ikaisha.

Baadaye Zawadi akaniletea kipande kwenye karatasi. Akakiweka mezani, nywele bado zinadondosha maji, akaondoka bila kusema kitu. Watu wa hivyo ni wachache. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata mbinu. Kupanga viti vya ukoo nimejiombea mwenyewe, safu ya mbele yote. Nimekwenda ukumbini mchana, hakuna mtu, nimeketi, nimekariri. Kiti cha kwanza Baba mdogo Sospeter. Cha pili mkewe. Kisha wajomba, kisha binamu. Cha mwisho kabisa Shangazi Leokadia. Nimemweka mwisho makusudi, ili nimalizie naye, nieleze habari za dagaa, watu wajue.

Nikiwa na maiki siwezi kutazama nyuso. Viti naviweza.

Nimerudia njia nzima hadi nyumbani. Mama Jeni amenikuta naongea peke yangu. Hakuuliza naoa lini.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi amefika na meli. Nilimpokea bandarini na ndoo yake ya samaki wakavu, anataka waliwe kesho ukumbini. Shikamoo, marahaba, basi. Tumekwenda hadi nyumbani kimya. Kimya cha Shangazi hakinichoshi. Ndicho nilichokulia.

Vene amempa kitenge cha sare. Shangazi akajigeuza mbele ya kioo, upande huu, upande ule, akaniuliza, "Nimependeza?" Maishani mwangu sijawahi kumsikia akiuliza hivyo. Nikasema ndiyo. Ningesema zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi. Nimepiga pasi shati hilo hilo mara mbili. Kiti cha kwanza, cha pili, wajomba.

Jumapili, 15 Juni

Nimeharibu.

Niandike ilivyokuwa. MC akaita ukoo, nikapewa maiki. Sauti ilikuwa inavuma, wamefungua vibaya, hilo nililiona hata katika hofu ile. Nikaanza. Baba mdogo alisimama akapunga mikono yote miwili kama mgombea ubunge. Mkewe. Wajomba. Binamu. Nilikuwa naenda vizuri, jamani. Nikafika kiti cha mwisho. Kitupu. Kichwa kikaniambia: umemaliza. Nikasema asanteni. Makofi, vigelegele. Nikarudi kukaa nimelowa jasho, na furaha ya mtoto aliyetoka kwenye mtihani.

Shangazi alikuwa amekwenda nyuma kuangalia samaki wake wanavyopashwa moto. Aliposikia ukoo unaitwa, akarudi mbio. Vene alimwona kutoka jukwaani: amefika katikati ya ukumbi, amesimama, ameweka kitenge sawa, anasubiri jina lake. Watu wote wanamtazama. Mimi natazama viti. Vene alinionyesha kwa mkono, sikumwona. MC akafungulia muziki wa keki.

Vene alipomwita aje alishwe keki, Shangazi alikuwa ameshatoka nje.

Asubuhi amepanda meli. Hakuniaga.

Jumatatu, 16 Juni

Baba mdogo amekuja na mfuko alioachiwa na Shangazi. Ndani yake kitenge cha Shangazi, kimekunjwa vizuri. Na ujumbe: "Mpeni aliyetambulishwa." Halafu ujumbe wa pili: harusini tusimtegemee.

Baba mdogo aliyasema yote mawili kwa masikitiko, ila nilimwona anafurahia kidogo.

Harusi ni mwezi ujao, Bukoba. Vene amelia mpaka sauti imekauka. Anasema bila Shangazi haendi kanisani. Mimi hanisemeshi. Mwaka mzima natamani watu wasinisemeshe, leo nimepata, na sikitaki kimya cha namna hii.

Jumatano, 18 Juni

Shangazi hapokei. Nimeandika ujumbe, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Uliobaki ni "Shikamoo shangazi." Hajaujibu.

Leo nimerusha tangazo la sabuni katikati ya matangazo ya vifo. Miaka yote sijawahi. Mkuu wangu amenitazama tu kupitia kioo.

Baba mdogo anapendekeza wazee watatu waende Nansio kuzungumza, mimi niwe nyuma yao. Nimetamani sana. Nyuma ya wazee watatu ni mahali pazuri pa kukaa. Jioni Vene akanitumia maneno mawili: "Nenda mwenyewe." Basi.

Jumamosi, 21 Juni, Nansio

Kwenye meli nilijifanya nimelala. Mama aliyekaa pembeni hakudanganyika. Unakwenda kwa nani? Kwa shangazi. Shangazi yupi? Nikamtaja. Akasema "Aaa," aaa ndefu, akageukia dirishani. Habari imenitangulia kisiwani.

Nilimkuta uani anageuza dagaa kwenye chanja. Shikamoo. Marahaba. Hakuacha kugeuza. Niliweka mfuko wa kitenge kwenye kigoda cha mlangoni, hakuutazama. Nilikuwa nimeandaa sentensi za kuomba radhi tangu Mwanza. Zilitoka zote kwa mkupuo, ya mwisho ikiwa mbele. Akasema, "Nawa mikono, ule."

Nikala. Akanitazama mpaka nimalize. Kisha akavaa kanga, akasema, "Twende tukasalimie."

Ndilo jambo ninaloliogopa kuliko yote hapa. Mgeni huzungushwa nyumba kwa nyumba, anakalishwa, anaulizwa. Siku zote Shangazi ndiye huongea, "Huyu Deo wetu, yuko redioni," na mimi hutabasamu tu. Leo tuliingia nyumba ya kwanza, akakaa, akafunga mikono, akanyamaza. Wenyeji wakamtazama yeye, wakanitazama mimi. Ndipo nikaelewa: leo anayetambulisha ni mimi.

Nikasema, "Nimekuja kumwona shangazi yangu." Sauti ndogo. Akanyanyuka, tukaenda nyumba ya pili. Nikasema shangazi yangu aliyenilea. Ya tatu, aliyetulea mimi na Vene. Jasho lile lile la ukumbini. Hakuna nyumba aliyonisaidia hata neno. Nilimkasirikia, kweli, njiani nilitaka kurudi bandarini.

Mwisho tukafika kwa Bibi Paskazia. Macho yake hayaoni vizuri, masikio yanasikia kila kitu kinachosemwa Nansio. Alinishika mkono asiuachie. "Karibu, mujukuu. Na huyu uliyekuja naye, ni nani?" Wakwe zake waliokuwa wakimenya mihogo wakaacha kumenya.

Hapakuwa na kiti cha kutazama. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama yeye. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sijui alilipata lini, nimekua chini ya uso ule na sijui. Nikasema, "Huyu ni Leokadia. Baba yetu na mama yetu walipoondoka, watu walikuja wakaondoka. Yeye alibaki. Alianika dagaa mvua ikinyesha, akaanika tena. Vene anaolewa kwa sababu yake. Mimi nilisahau kumtaja mbele ya watu, na yeye ndiye niliyetakiwa kuanza naye."

Bibi Paskazia akasema, "Ehe. Sasa tumemujua." Wakwe wakaendelea kumenya.

Shangazi akajifunika kanga mpaka mdomoni. Njiani akasema tu kwamba miguu inamuuma.

Jumapili, 22 Juni, Nansio

Tumetoka misa ya kwanza. Tumekaa uani tunachambua dagaa, yeye upande wake, mimi upande wangu. Kokoto huku, dagaa huku. Upepo unatoka ziwani. Hakuna anayeongea.

Nimemuuliza kama nimwambie chochote Vene. Akasema nitajua mwenyewe.

Meli inaondoka mchana. Nimeingia ndani kuchukua begi langu. Mfuko wa kitenge hauko kwenye kigoda.

Kitenge nimekiona nilipotoka. Kiko kwenye kamba, nyuma ya jiko. Amekifua. Bado kinadondosha maji.