Breki Zilizoacha Kulia

Kaka mpendwa,

Huku tunapumua tu. Mama anakusalimu. Ile pampu ya baiskeli uliyotuma imefika, inajaza vizuri.

Kitindamimba wetu hajafumbua macho tangu aanguke, leo siku ya tisa. Wenzake wa klabu ya baiskeli wanakuja kumwona kwa zamu. Wanasema aliingia kona ya mteremkoni kwa kasi mno, na baba anawaamini.

Kasi gani, kaka! Asubuhi ile kabla hajaanguka, alinilalamikia, “Fundi wangu, breki zinapiga kelele, zinanitia aibu mbele za watu.” Dawa yake naijua, ni kusugua zile raba za breki kwa msasa. Lakini alikuwa ananiharakisha, nikazipaka mafuta ya mnyororo. Zikanyamaza, lakini raba yenye mafuta haishiki gurudumu. Akanikumbatia, akaondoka.

Sijamwambia mtu. Njoo, nakuomba, mwambie baba wewe, mimi mdomo haufunguki.

Jana baba aliniletea baiskeli yenyewe uani, gurudumu limepinda. Alisema niitengeneze kwa mkono wangu uleule, binti yake akiamka aikute tayari.

Mdogo wako,
yule mnayemwita Fundi