Jiwe Lilipita, Mama

Mama yangu,

Amani ikufikie huko uliko. Juzi tumekusomea hitima ya arobaini hapa Gazi, nyumba ikajaa mpaka watu wakakaa uani. Leo wameondoka, nami nimekaa chumbani mwako. Sina uso wa kukuandikia, lakini nakuandikia.

Unalikumbuka lile jiwe la angani? Redio ilitangaza kuwa litapita karibu na dunia, na wataalamu wakasema halitamdhuru mtu. Wewe hukungoja habari iishe. Ulijifunga leso ukaanza kupita nyumba hadi nyumba kuwiana radhi na watu, hata Bi Mwanakombo, mliyenuniana naye tangu mbuzi wake ale mihogo yako.

Kisha ukaja kazini kwangu, hotelini Diani. Saa nne asubuhi, mapokezi yamejaa wageni, naitwa getini. Nikakukuta na mkate wa sinia kikapuni, vumbi hadi magotini. Ukanishika mkono mbele ya wenzangu wawili na askari. "Mwanangu, nimekuja tuwiane radhi. Hata likipita salama, radhi haiozi."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, Mama. Nikakwambia jiwe linapita mbali, rudi nyumbani, unanitia aibu. Mkate nikaupokea.

Jiwe likapita. Nikakupigia simu kukutania, maana mimi ndiye msomi. Uliniuliza tu kama mkate ulikuwa umeiva vizuri. Wiki tatu baadaye presha ikakuangusha shambani.

Kilioni, kila mwanamke aliyeingia alisema, "Alinipitia, tukawiana radhi." Bi Mwanakombo alilia kuliko wote. Shangazi akaniuliza, "Na kwako alifika?" Nikajibu, "Alifika." Nikaishia hapo. Wakasema nina bahati kubwa, nami nikainamisha kichwa kama mtu mwema. Naona haya, Mama. Naona haya hata kuigusa leso yako.

Niliporudi kazini, Mutua, yule askari wa getini, alinipa pole. Akaniambia kuwa siku ile nilipokupa mgongo, ulimwomba yeye radhi kwa kumsumbua. "Mimi hiyo maneno ya radhi sikuelewa," akasema, "lakini nilimwambia, mama, nimekusamehe, na wewe nisamehe. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea."

Mkono ule ulitoka Gazi kuja kwangu.

Nakuwia radhi, Mama, ingawa sikumbuki ulilonikosea. Nawe niwie mimi, kama bado inawezekana. Kesho nitawapitia shangazi na wote waliosema nina bahati, nyumba hadi nyumba kama ulivyopita wewe, niwaambie kuwa ulifika na mimi nikakurudisha. Najua watakavyonitazama. Nitaanzia kwa Bi Mwanakombo.

Lala salama, Mama. Leso yako nimeiazima.

Mwanao,
Mwanaisha