Neno Kwenye Kadi ya Telesfori

Ugalla, 3 Juni 1974

Kaka Gaspar,

Tumsifu Yesu Kristo. Wifi na watoto hawajambo huko Kibaoni? Sisi tupo, ila hofu imenijaa. Shemeji yako Telesfori amerudi kutoka kambi ya asali si yeye. Mchana anasinzia na tonge mdomoni, usiku anatukana watu. Nikasema labda malale, wakwe wakanizomea: mtu wa malale hatukani! Mama mkwe anasema nimevunja mwiko, maana mume akiwa kwenye mizinga na mke akatoka nje ya ndoa, nyuki humharibu mumewe. Mungu ananiona, kaka, sijatoka. Watu wa afya walimpima damu, wakaandika kwenye kadi TRYPANOSOMIASIS, wakasema apelekwe Mpanda. Wakwe wamekataa mpaka nikiri. Neno hilo ni nini? Muulize Padre.

Dada yako,
Verdiana

Kibaoni, 15 Juni 1974

Dada yangu,

Nyumbani wazima, ila barua yako imetunyima raha. Padre amefungua kamusi yake nene. Neno ni la Kiingereza, lakini Waingereza waliliokota kwa Wagiriki. Trypanon ni keekee ile ya seremala, soma ni mwili. Ni kijidudu kinachojizungusha ndani ya damu kama keekee inavyotoboa ubao. Mbung'o ndiye anayekitia. Dada, ndiyo malale yenyewe! Kikifika kichwani mtu hugeuka tabia, mwisho hulala asiamke. Wasomee wakwe. Mpeleke upesi.

Kaka yako,
Gaspar

Ugalla, 27 Juni 1974

Kaka,

Shikamoo. Nimewasomea. Mama mkwe akacheka: "Haya, keekee tumeisikia. Aliyeishika ni nani? Mbung'o wamewauma wote kambini, mbona imemtoboa mwanangu peke yake?" Telesfori hawezi tena kushika kikombe. Mzee Manyanda, mkuu wa ukoo, anasema nikikiri mbele ya wote, wataniachia nimpeleke. Kesho nitakiri, kaka. Nitasema uongo na rozari i shingoni. Niombee.

Dada yako

Mpanda, wodini, 2 Agosti 1974

Kaka Gaspar,

Barua hii nampa dereva wa basi ikufikie upesi. Msalimie wifi. Barua yako ya kunikataza imenikuta huku, nimeshakiri. Walitaka jina la mwanaume, nikasema mpita njia, simjui. Sindano zimemsaidia, Mungu ashukuriwe. Telesfori anakula mwenyewe, anatembea hadi mlangoni. Nilidhani siku ile ya kukiri, amelala pale, hakusikia kitu. Jana nikimpa uji akanishika mkono, akauliza polepole, "Yule mpita njia alikuja mara ngapi?"

Nikamwambia nilidanganya ili apone.

Akasema, "Sasa uongo ni upi, Verdiana?"

Jumatatu tunaruhusiwa kurudi nyumbani. Kaka, njoo kabla ya hapo.

Dada yako